Hapa Hapana Sababu ya Kushuka

Mama yangu,

Sweta mpya imefika, na mikono yake si mifupi kama ulivyohofia. Ile ya bluu bado naivaa. Mwambie Bibi Vlasta kikohozi changu kimekwisha.

Jumapili televisheni itaonyesha kile kipindi cha treni ninachokipigia picha. Najua umeshawaalika majirani na utawaokea mikate ya plamu, ndiyo maana naandika mapema.

Mtangazaji wetu husafiri na kitabu cha kuongoza wasafiri cha miaka mia iliyopita, enzi za wafalme, na hufuata kila kinachosemwa humo. Tulipokaribia kijijini kwetu akasoma mbele ya kamera: "Hapa hapana sababu ya kushuka." Wote wakacheka. Nami nilicheka, Mama.

Treni ikasimama kidogo. Ulikuwa uani, kando ya reli, unaanika mashuka, ukaipungia mkono kama unavyozipungia zote tangu nilipoondoka.

"Mpige picha yule bibi," akasema mtangazaji. "Unamfahamu?"

"Wazee wa huku ndivyo walivyo," nikamjibu. "Hawana kazi."

Kupitia kioo cha dirisha nikakuvuta karibu kwa lenzi, nikaona ulivyokonda. Mlango wa behewa ulikuwa wazi pembeni yangu. Sikushuka.

Nimewasihi waiondoe picha hiyo. Wamekataa, wanasema ndiyo nzuri kuliko zote. Basi Jumapili majirani watakushangilia, lakini wewe usijitazame. Tazama kile kioo cha dirisha la treni mbele yako, utaona kivuli cha mtu mwenye kamera na sweta ya bluu.

Ndiye uliyekuwa ukimpungia.

Mwanao, kama bado waniita hivyo,
Radim