Folda Yenye Nukta Mbele

Puumala, 9 Februari 2015

Mwanangu Kerttu,

Hujambo? Tampere baridi inasemaje? Sisi tuzima, ila theluji imefika dirishani na mgongo wangu umegoma kuizoa. Mama yako ana siku nzuri na siku mbaya.

Kompyuta mpya imewaka. Nilihamisha vitu mwenyewe: folda zote za nyumbani, kumi na nne, zikafika kumi na nne. Diski ya kompyuta ya zamani nikaifuta mara tatu kama ulivyonifundisha, halafu nikaipeleka kwenye taka za umeme. Tatizo ni moja. Ile programu ya kamusi uliyomwandikia mama yako inasema haina neno hata moja. Amekaa mbele yake tangu asubuhi ananiuliza, "Taisto, maneno yangu umeyapeleka wapi?" Nibonyeze wapi?

Baba yako

Tampere, 9 Februari

Baba, shikamoo. Barua pepe yako nimeipata sasa hivi. Huku salama. Usibonyeze chochote.

Maneno hayakuwa ndani ya hizo kumi na nne. Yalikuwa kwenye folda ya kumi na tano, ambayo jina lake linaanza na nukta. Kwenye mifumo yetu, chenye nukta mbele hakionyeshwi mpaka uombe. Ukinakili unavyoviona, hicho kinabaki nyuma. Niambie ulikuwa unatania kuhusu diski.

Mwanao

Puumala, 10 Februari 2015

Kerttu,

Salamu leo sina. Sikutania.

Yaani maneno elfu nne ya Kisavo, lahaja ya Kifini ya kijiji cha mama yako, kazi yake ya miaka tisa, uliyaficha? Nimekuwa fundi wa simu miaka thelathini na minane. Kila waya tuliufunga kikaratasi ili atakayekuja baadaye auone. Hapa kwetu jamu iko chini ya ngazi na kuni ziko nyuma ya sauna, hata Pentti wa jirani anajua. Nyinyi mnachukua mali ya mtu, mnaificha asikoiona, halafu folda mnaiita "nyumbani" kwake!

Unajua daktari wa kumbukumbu alivyosema. Asome maneno yake kila siku, ndiyo yanayomshikilia. Sasa atashika nini?

Baba yako

Tampere, 12 Februari

Baba, shikamoo.

Nimepiga simu kituo cha taka za umeme. Diski imeshasagwa.

Desturi ya nukta nimeikuta, sikuianzisha mimi. Kila programu ina mipangilio yake midogo midogo, ikionyeshwa yote nyumba inajaa takataka. Basi inafichwa, na data ya mtu inatupwa humo humo. Ndivyo tunavyofanya wote. Lakini na wewe, nani alikutuma ufute kabla hujafungua programu ukaona inafanya kazi? Mara tatu, Baba! Mtu asiyejua kabisa angeiacha diski kabatini, na leo tungekuwa tunacheka. Hili ni kosa la mjuzi nusu.

Nisamehe ukali. Nimekasirika.

Mwanao

Tampere, 1 Machi

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Wiki mbili na zaidi hujibu, na simu hupokei.

Nina jambo la kukuambia. Programu ile inatumiwa na watu wengi, na maombi yao huja kwetu tunaoutunza mfumo huu. Juzi niliyapekua ya zamani. La Juni 2011 linasema: "Naomba maneno yangu yakae mahali ninapoyaona. Nikisahau jina la folda, nitayapataje?" Sahihi yake ni H. K., anwani ni ya maktaba ya Puumala. Nilijibu mimi: "Hiyo ndiyo desturi. Mtumiaji hana haja ya kuingia humo." Nikalifunga ombi.

Baba, Hilja Karvinen. Jina la Mama kabla hujamwoa. Hakutaka kunisumbua kama mwanawe, akapanga foleni na wengine. Na alishajua kwamba anaanza kusahau, sisi tukiwa bado hatujajua.

Jana nilipendekeza kwa wenzangu: mipangilio ikae peke yake, vya kutupwa peke yake, na kile mtu alichokiandika kwa mkono wake kikae wazi, kwenye folda yenye jina. Tulibishana kwa saa sita. Mmoja akaniambia, "Wewe si ndiye uliyekuwa unatufokea tusiiguse nukta?" Nikamwambia ndiye. Imepita, kura tatu kwa mbili. Haimrudishii Mama hata neno moja.

Mwanao

Puumala, 4 Machi 2015

Mwanangu Kerttu,

Natumaini hujambo. Nimesoma barua yako mara mbili. Mimi ndiye niliyefuta, na hilo sitalikwepa.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kazi. Kila siku baada ya kahawa namwuliza mama yako maneno, naandika kwa penseli. Wiki ya kwanza alinipa mia moja na kumi na mawili, akanicheka ninavyoyatamka. Ya pili, thelathini. Wiki hii sita, na mawili kati yake ameyarudia.

Njoo Jumamosi, nitakupokea kituoni Mikkeli. Kompyuta iache huko huko.

Leo hakunipa neno. Alishika picha yako ukutani akaniuliza huyu msichana anaitwaje. Nikamwambia. Akasema ni jina zuri, niliandike mahali atakapoliona.

Baba yako