Nguo ya Mpira ya Kuingilia Chanzoni

Jumatatu, 2 Julai 2001
Nimeingia tena chanzoni, kwenye bwawa dogo linalolisha bomba la kijiji. Sakitu, umande ulioganda, kwenye majani mpaka saa tatu. Gogo limeziba bomba chini kabisa, maji yanapita kichwa. Sweta mbili za sufu zimeloa, zikanivuta chini. Miguu ganzi. Odilia, mke wangu, kanitoa kwa kamba. Siku ya kumi kijiji hakina maji. Tunachota bondeni, wanakokunywa ng'ombe. Resti, mtoto wetu, anaharisha.

Jumanne, 3 Julai
Nimejaribu koti la mvua. Upuuzi. Limejaa maji kama ndoo. Tangu serikali itupunguze kazini, fundi wa maji hapa ni mimi tu. Kila mtu ananiuliza mimi. Nimechoka nao.

Jumatano, 4 Julai
Makambako, mitumbani. Nguo mbili za mpira mweusi, nene kama ndala. Kifuani picha ya mtu anavutwa na tiara juu ya maji. Muuzaji anaapa wallahi Wazungu huingia nazo baharini kwenye baridi. "Chukua ndogo, kaka. Inatakiwa ikubane." Nikamcheka. Sweta nitavalia wapi? Nimechukua kubwa.

Ijumaa, 6 Julai
Mjinga mimi! Maji yameingilia shingoni, nguo ikavimba, nusura nife. Resti amelazwa zahanati. Macho yameingia ndani. Wanasema anywe maji safi, na bomba lao ndilo hilo hilo lililokauka. Mwanangu anakwisha. Nalia nikiandika.

Jumamosi, 7 Julai
Nimerudi Makambako kubadilisha. Ndogo haipiti mapajani. Nimevuta mpaka kucha ikang'oka. Odilia akaichukua, akavaa. Imemkaa sawasawa. Nikasema hapana, mke wa mtu na vazi la kubana hivyo, watu watasemaje?
"Baba Resti, tumzike mtoto ili watu wasiseme?"
Nikaenda kutafuta kamba.

Jumapili, 8 Julai
Tumekwenda watu wakiwa Misani. Odilia kazama mara nne. Mimi juu, Salamu Maria mdomoni, roho mkononi. Ya nne kafunga kamba kwenye gogo. Nikavuta kama kichaa. Gogo likang'oka, bomba likakoroma. Kaibuka midomo myeusi, anacheka.

Alhamisi, 12 Julai
Resti yuko nyumbani. Amekunywa uji kikombe kizima.
Mwenyekiti wa kijiji kaja na kuku, kunishukuru mimi. Odilia kanikonyeza ninyamaze. Nikapokea kuku. Nimeona aibu sana.
Mezani kaniwekea firigisi, kama ada, ya baba mwenye nyumba. Nimeihamishia kwenye sahani yake. Ameitazama kidogo, akaila.