Askari wa Kike Hayupo

Shoga, uko?

Asubuhi nimemaliza zamu, nishavua sare, napita kaunta. Mama mmoja akanishika mkono: "Dada, kuna askari wa kike hapa?" Miguuni kandambili, moja nyekundu, moja bluu.

Unajua kituo kizima mwanamke ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimechoka hoi. Nikamwambia, "Hayupo. Njoo jioni."

Nilisema hayupo. Mimi.

Akajibu taratibu, "Haya. Wanaume siwezi kuwaeleza." Akaenda zake.

Sasa hivi sajenti kaniita: mume kamuua mkewe, maiti imeletwa kituoni, njoo umpekue wewe, mwanamke hapekuliwi na mwanamume.

Nimefunua shuka kuanzia miguuni. Moja nyekundu, moja bluu.

Shoga, nilimwambia aje jioni. Amekuja.