Ng'ombe Wanaonekana, Wazee Hawasikiki

Mama Cornelia, shikamoo. Samahani kwa kukuletea jambo la kompyuta wakati wenzangu wanakuletea ya waume na mawifi, ila na langu litafika huko huko usipochoka kusoma, maana mimi mwenyewe nimechoka, nimechoka kweli, na nimeona niandike badala ya kuja hapo redioni kwa sababu nikianza kueleza kwa mdomo nitalia.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja hapa Sumbawanga, naishi Malangali kwa wazazi wangu, na nimechumbiwa na Mboje, kijana wa Kisukuma ambaye ukoo wao ulihamia na mifugo yao bondeni, Milepa, naye ananipenda na mimi nampenda, hapo sina malalamiko. Sasa siku ya kukubaliana mahari mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kushuka bondeni, na baba yangu, mzee Cleophas, akasema yeye hapokei ng'ombe ambao hajawaona kwa macho yake, na upande wa pili msemaji wa ukoo ni baba mkubwa wa Mboje, mzee Kija, ambaye alibaki Kahama na miguu inamsumbua, basi wakaamua kikao kiwe cha simu ya video, Mboje akae zizini aonyeshe ng'ombe, mzee Kija awe kwake, na sisi tukae sebuleni mbele ya laptop yangu, na mimi nirekodi skrini yote ili pasiwe na ubishi baadaye. Kwa nini mimi? Kwa sababu nyumbani kwetu chochote chenye waya ni changu, king'amuzi kikigoma ni mimi, simu ya shangazi Coleta ikijaa picha ni mimi, hata siku ya mahari yangu mwenyewe, badala ya kutulia ndani nione aibu kidogo kama wasichana wengine, nikawa fundi mitambo.

Baba alisisitiza anataka kuona kwato, asije akapewa ng'ombe anayechechemea, kwa hiyo akili yangu yote ikaenda kwenye picha, nikachagua ukubwa ule ule wa skrini, nikapandisha fremu hadi sitini kwa sekunde, nikaweka ubora wa juu kabisa, nikapanua dirisha la Mboje likajaa skrini nzima. Sauti nikaipeleka kwenye spika ya bluetooth tuliyoazima kwa wanakwaya ili wazee wasikie, na maikrofoni nikaizima kwenye ile programu ya kurekodi kwa sababu shangazi zangu jikoni walikuwa wanacheka bila breki, na sikukumbuka kwamba programu yenyewe ilikuwa imepangwa kuchukua sauti kutoka spika za laptop, ambazo muda wote huo hazikutoa kitu.

Kikao kilikwenda vizuri, Mama, na baba akauliza lile ninalolijali kuliko ng'ombe wote, akasema, "Mzee mwenzangu, binti yangu ni mwalimu, je, ataachishwa kazi?" na mzee Kija akajibu na sisi wote tukasikia, "Mwalimu abaki na kazi yake huko mjini. Mboje ndiye atapanda na kushuka." Nilifurahi nikatoka nje kidogo kupunga hewa. Sasa juzi mzee Kija ametuma ujumbe kwamba baada ya harusi mke wa kijana wao atahamia Milepa kwenye boma lao, na kwamba hakumbuki kusema vingine, na shangazi Coleta naye ameanza kusema labda mzee alisema "tutaona". Baba hana wasiwasi hata chembe, anacheka tu, anasema "video ipo", amewaita jamaa zao wa Milepa waje Jumapili baada ya misa tuitazame pamoja kwenye televisheni, kabla padri hajaanza kutangaza ndoa yetu kanisani.

Nimeifungua, Mama. Ng'ombe wanapendeza, unaona hadi inzi wanaotua masikioni. Sauti hakuna hata kidogo, na baba sijamwambia.

Mboje nimemwambia, na yeye akanijibu, "Kwani tatizo liko wapi, picha si ipo? Kuna mshikaji wangu anamwigiza baba mkubwa hadi watu wanaanguka kwa kucheka. Arekodi yale maneno, wewe ubandike juu ya picha, kwisha habari. Kwenye skrini kumejaa ng'ombe, nani ataangalia midomo?" Nikamwuliza, wewe si ulikuwepo, si ulisikia? Akasema, "Nilisikia, lakini baba mkubwa siwezi kumpinga, Redempta, yule ndiye kanilea." Sasa naomba unisaidie, je, kuna mipangilio yoyote ya kuirudisha sauti, na kama haipo, nikubali hilo la mshikaji wake, na kama ni kurekodi upya, niweke mipangilio gani ili nisiaibike tena? Mimi Redempta, Malangali.

*

Marahaba, Redempta mwanangu. Pole, na ninaposema pole namaanisha, kwa sababu barua yako imenichosha hata mimi niliyekaa kitini nikiisoma.

Tuanze na ulichouliza. Sauti hairudi. Haijajificha mahali kwenye laptop ikisubiri ubonyeze kitufe, haikurekodiwa, basi. Acha kuhangaika na programu za kurudisha, utamaliza bando lako bure. Na wewe mwalimu mzima wa kompyuta, mbona hukujaribu kabla? Ungerekodi kidogo, ukasimamisha, ukasikiliza, leo usingekuwa unaniandikia. Wanafunzi wako ukiwapa zoezi la namna hii wakakuletea video bubu, ungewapa alama ngapi?

Hilo la mshikaji anayeigiza, likatae leo hii. Mzee Kija akisikia sauti ya kuigiza ikitoka kwenye televisheni yenu mbele ya jamaa zake, atajua si yake, na hapo hata lile neno alilolisema kweli litahesabiwa uongo, na mwongo utakuwa wewe kwa sababu laptop ni yako. Video hiyo iache kama ilivyo. Baba yako aliomba kwato na kwato amepata.

Ukimaliza kusoma hapa, mwambie baba yako. Usisubiri Jumapili aumbuke mbele ya wageni. Atafoka, na ana haki, halafu atapoa, ni baba yako. Mwambie aombe kikao cha pili kwa simu hiyo hiyo ya video, na mzee Kija aulizwe upya, kwa heshima, bila kumwambia amegeuka. Wazee husahau, na wakati mwingine wanasahau kwa makusudi, lakini swali likiulizwa waziwazi na watu wote wakiwepo, ni vigumu kulikwepa.

Kurekodi utarekodi tena wewe, najua, hakuna mwingine hapo kwenu. Ukubwa wa picha uache ule ule wa skrini. Fremu thelathini zinatosha kabisa, wazee wakiongea hawakimbii. Ubora uweke wa juu lakini usiufikishe mwisho, laptop ikielemewa picha inaanza kukwama na diski inajaa kabla hamjamaliza salamu. Halafu nenda kwenye sauti, na hapo tulia. Iambie programu kwa kuchagua wewe mwenyewe kwamba sauti inatoka kwenye kifaa gani. Kama ni ile spika ya wanakwaya, chagua hiyo. Maikrofoni iwe imewashwa, na shangazi zako waombwe wacheke taratibu. Mtu akiongea, vile vijistari vya sauti vionekane vinapanda na kushuka. Jaribu, sikiliza kwa earphone, ndipo uanze. Na skrini onyesha nyuso za wanaoongea, ng'ombe tumeshawaona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Umeniandikia mengi kuhusu spika na fremu, na Mboje umempa maneno machache mwishoni, lakini mimi nimemsoma yeye kuliko hayo mengine yote. Kijana alisikia. Hakuna haja ya video kwa mtu aliyesikia. Neno moja kutoka kwake, "Baba mkubwa, ulisema Redempta abaki na kazi yake, na mimi ndivyo ninavyotaka," lingemaliza shauri hili bila televisheni. Kijana huyo yuko tayari kumtafutia baba yake mkubwa sauti ya bandia, lakini ya kwake mwenyewe hataki kuitoa. Kulelewa ni jambo kubwa na simdharau kwa hilo. Ila ukiolewa naye, siku zote atakuwepo mkubwa wa kuogopwa, na kila mara wewe ndiye utakayeambiwa utafute ufundi wa kuficha. Umechoka na kazi za waya hapo kwa baba yako. Fikiria hizo ukiwa Milepa, bila mshahara wako.

Kwa hiyo kabla ya kikao mwambie Mboje maneno haya haya, bila kulia na bila kumbembeleza: mzee akiulizwa na akakana, atakayefuata kuongea ni yeye, kwa heshima zote, na wewe utamsubiri. Usimsaidie. Padri asitangaze chochote mpaka hilo lipite. Na ukija kufungua hiyo video mpya, ukafika mahali pa Mboje kuongea ukakuta kimya, usiihangaikie laptop, mwanangu. Safari hii itakuwa imerekodi vizuri.