Sumaku Niliyoibandika Kwenye Mashine

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana wiki ya pili sasa sili nikashiba wala sikai nikatulia, nafagia palipokwisha kufagiliwa, na nikiitwa jina nashtuka. Mimi ni fundi wa kudarizi, nembo za sare na majina kwenye makoti ya wauguzi, na karakana yetu ina mashine tatu kubwa, kila moja ina kifuniko cha plastiki mbele ya sindano, ukikifungua inasimama yenyewe, ndivyo zilivyotengenezwa. Sasa kila mara kitambaa kinajikunja au kipande cha uzi kinaning'inia, ufungue, isimame, uwashe upya, nikaona huu upuuzi, nikachukua kisumaku cha mlango wa kabati nikakigandisha kwa gundi penye swichi ya kifuniko, mashine yangu ikadanganyika kwamba kimefungwa hata kikiwa wazi, kazi ikaenda mbio, bosi akanisifu mbele ya wote kuwa nina mkono mwepesi, nami sumaku sikumtajia mtu.

Mke wa kaka yangu ndiye niliyemtafutia kazi pale, na nilimfundisha kwa mdomo wangu huu, "Wifi, usiogope, ukifungua tu inasimama," kwa kuwa yeye alikaa kwenye mashine ya dirishani, isiyo na sumaku. Alhamisi ile nilitoka kwenda kupokea vitambaa, bosi akamhamishia kwenye yangu, akaona uzi unaning'inia, akafungua, akatia kidole. Sindano ilipita ukuchani ikavunjikia humo humo.

Bosi alisema ni uzembe. Kaka naye kamkaripia, "Mashine inasimama, ni wewe tu hukuwa makini," na wifi mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, ananiomba mimi msamaha, "Nisamehe wifi, nimekuaibisha, lakini naapa nilifungua. Au sikufungua?" Nikachukua ufagio nikafagia. Jumatatu anarudi kazini. Je, nimwambie, au ningoje kidole kipone, pengine na maneno yatapoa?

Mwenye Vidole Vizima

MSHAURI ANAJIBU

Dada, nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema umeitoa sumaku. Sikupaona. Basi sikungoja gazeti litoke, nikakupigia kwa namba uliyoandika, na nyuma ya sauti yako nikasikia mashine inanguruma.

"Bado ipo?"

"Ipo."

"Nani anaiendesha?"

"Mimi."

"Izime sasa hivi."

Ukaizima, ukaibandua sumaku kwa bisibisi huku unalia, nami sikukata simu mpaka uliponiambia umeiwasha mashine, umefungua kifuniko, na imesimama. Siku kumi na mbili ulikuwa unakosa usingizi huku mtego umeuacha wazi! Wewe ulikuwa unaogopa nini hasa, sindano au aibu?

Nakuonea huruma, kwa kuwa hukutaka kumuumiza mtu. Lakini kidole kitapona. Yule mwanamke ameanza kutoyaamini macho yake mwenyewe, na wewe unamtazama tu.

Mwambie leo, kaka yako akiwepo, maana naye kamkaripia bure. Sema hivi: "Ulifungua. Mimi ndiye niliyeifanya isisimame." Ukomee hapo. Usimtaje bosi, usitaje uzi, usianze kulia kabla yake. Kesho asubuhi mwambie bosi, na aitwe fundi wa mashine azikague zote tatu. Kama kufungua na kufunga kunawachelewesha, yeye ndiye wa kusema kipi kibadilishwe, si gundi yako. Kazi ikiota mbawa, iote.

Wifi yako atakasirika, na ana haki. Usimdai msamaha. Lakini mkono mmoja haufui: mpaka atakapopona, nguo za nyumba ile zifue wewe, akusemeshe asikusemeshe.