Jaji Alipomjulia Hali Shangazi

Da Raya wangu,

Nakuandikia kwa furaha: Shangazi Zuwena kashinda kesi! Unakumbuka alivyoanguka kwenye ngazi mbovu za hoteli, alipokwenda harusini Glasgow. Aliogopa kushtaki, akidhani akishindwa atamlipa hata wakili wa hoteli. Kumbe Scotland sheria imebadilika: ukidai fidia ya kuumia kwa nia njema, kwa kawaida hubebeshwi gharama za mwenzio, hata ukishindwa.

Kasikilizwa kwa video, kakaa hapa hapa sebuleni Tottenham, mvua ikipiga dirishani. Jaji akamwuliza hali kupitia mkalimani. "Mzima, alhamdulillahi, sina neno!" akajibu. Wakili wa hoteli akachekelea, mimi nikaona kesi imekwenda.

Shangazi hakubabaika. "Hiyo ilikuwa salamu, Bwana Jaji. Kwetu hata mahututi hujibu njema. Mguu bado hujaniuliza."

Jaji akacheka, kisha akauulizia mguu. Hapo Shangazi akasema yote, mpaka machozi.

Tunakula mandazi ya iliki kwa shangwe, na fungu lako nakulia mimi. Nawe ukinijibu, "sijambo" yako siitaki. Niambie lile goti linakuumaje.

Mdogo wako akupendaye,
Salma