Maji ya Udhu Kwenye Nyuzi za Dawa

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na unasujudu bila kushika ukuta. Mimi ni mzima, na leo naweza kulisema hilo bila kukudanganya.

Wiki iliyopita kwenye simu uliniuliza mbona sauti imekauka. Nikasema mafua. Ukasema, "Mafua gani hayana chafya, Idrisa?" Hayakuwa mafua, Mama. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi.

Hapa Ujerumani tunasokota nyuzi za plastiki, nyembamba kuliko unywele. Ndani yake kuna dawa inayotoa gesi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na gesi hiyo husaidia vidonda sugu vya kisukari kufunga. Kinachoiamsha ni unyevu wa kidonda. Kabla ya hapo uzi unatakiwa ukae mkavu kabisa, maana ukipata maji huharibika kama chumvi kwenye kopo wakati wa masika. Nyuzi zangu zilikuwa zikifika kwenye kipimo gesi imeshatoka nusu. Bi Renate, msimamizi wetu, akasema akiona nyingine mbovu atanitoa kwenye mashine na kunifukuza.

Nikafungua shajara yangu, ambamo naandika kila kitu na saa yake. Nyuzi za asubuhi zote nzima. Mbovu zote zilitoka baada ya Adhuhuri. Nikaitazama mikono ya koti langu. Nikishatia udhu huwa sijifuti. Naishusha juu ya ngozi yenye maji, nasali, narudi mashineni ingali mibichi, nayo ndiyo inayogusa nyuzi.

Nilitamani kunyamaza. Nikampelekea Bi Renate ile shajara, nikamweleza habari ya udhu.

"Unaosha hadi wapi?" akauliza.

"Hadi viwikoni. Na miguu."

"Miguu haina kesi. Husokoti kwa miguu."

Akakamua tone kutoka kwenye koti langu, akalidondosha juu ya uzi mzima. Kipimo cha gesi kikapanda palepale. Akacheka, na sikuwahi kumwona akicheka. "Tulikuwa tunaulizana kama dawa itaamka kwa unyevu mdogo. Umetujibu."

Hakunifukuza. Ametundika taulo kando ya sinki. Jana nilijifuta, nikasali, nikasokota, na nyuzi zikapita zote.

Nisalimie dada Mwanahawa, muuza vitumbua wetu wa Kerege, na mjomba Shabani, fundi wa nyavu kule Mbegani. Baba mdogo, mwalimu wa madrasa, muulize kama kujifuta kunapunguza thawabu za udhu. Akisema kunapunguza, usinipigie siku hiyohiyo. Niache kwanza nile nishibe.

Mwanao,
Idrisa